Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Lottie Moon, mwalimu wa Shandong

Kila Desemba ikikaribia, simu yangu haitulii. Kina mama wa kanisani wanataka habari za Lottie Moon kwa ajili ya ibada yao, vijana wanataka kujua kama kweli alikufa njaa, na kuna mtoto mmoja wa shule ya Jumapili ambaye kila mwaka ananiuliza kuhusu biskuti. Mimi ni mwalimu wa watoto hapa Mbeya, si mwanahistoria, lakini nimesoma habari za mama huyu kwa miaka mingi na nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nimeyakusanya maswali yote hapa.

Nianze na lalamiko langu. Wengi wanaolijua jina lake wanalijua kama jina la sadaka ya Krismasi ya Wabaptisti tu. Ukiwauliza alikuwa akifanya nini kabla hajawa sadaka, wanakuangalia. Alikuwa mwalimu, tena mwalimu mwenye mdomo mkali, na sehemu kubwa ya ukali huo aliwaelekezea wakubwa wake mwenyewe.

Lottie Moon ni nani, kwa kifupi?

Jina lake kamili ni Charlotte Digges Moon. Alizaliwa tarehe 12 Desemba 1840 katika kaunti ya Albemarle, Virginia, Marekani. Alifika China mwaka 1873 akiwa na miaka 32, akitumwa na Bodi ya Misheni za Nje ya Wabaptisti wa Kusini. Alifundisha na kueneza Injili katika mkoa wa Shandong kwa karibu miaka 40. Alifariki tarehe 24 Desemba 1912, siku kumi na mbili baada ya kutimiza miaka 72, akiwa ndani ya meli katika bandari ya Kobe, Japani.

"Moon" si mwezi? Tumwite Mama Mwezi?

Hapana. Ni jina la ukoo, na jina la ukoo halitafsiriwi. Mzee Simba akienda London hageuki kuwa Mzee Lion.

Alitoka katika familia ya namna gani?

Ya matajiri. Nyumba yao iliitwa Viewmont, na walikuwa na shamba la tumbaku lililolimwa na watumwa zaidi ya 50. Wasimulizi wengi hulipita jambo hili haraka haraka kwa sababu linaharibu hadithi nzuri. Mimi silipiti. Elimu aliyoipata, vitabu, walimu wa kumfundisha nyumbani, vyote vililipiwa na jasho la watu ambao hawakulipwa hata senti. Baba yake alikufa mwaka 1853, Lottie akiwa na miaka kumi na miwili, na mama yake akabaki na shamba na watoto.

Mama huyo alikuwa Mbaptisti aliyeishika dini kwelikweli, na aliamini kwamba mtoto wa kike asome kama wa kiume. Dada mkubwa, Orianna, alihitimu udaktari huko Pennsylvania mwaka 1857, wakati ambapo madaktari wa kike katika majimbo ya Kusini walikuwa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kwa hiyo Lottie alikua akiona kwa macho yake kwamba mwanamke anaweza kufanya kazi ambayo watu wanasema hawezi.

Ni kweli alikuwa mtukutu shuleni?

Mtukutu wa kupindukia. Wanaosimulia ujana wake wanasema akiulizwa herufi D katika jina lake inasimamia nini, alijibu: "Devil", yaani shetani. Na siku moja ya wajinga, tarehe mosi Aprili, alipanda mnarani alfajiri akaifunga kengele ya shule kwa mablanketi na mataulo ili isilie, na shule nzima ikachelewa kuamka. Kanisani alikuwa akienda kudhihaki. Ilikuwa Desemba 1858, kwenye mikutano ya uamsho mjini Charlottesville chini ya mhubiri John Broadus, ndipo alipoamini akabatizwa.

Watoto wa darasa langu wanaipenda sana hadithi ya kengele. Siwasimulii tena karibu na Aprili.

Alikuwa na elimu kiasi gani?

Kubwa kuliko wanaume wengi waliomtuma. Mwaka 1861 alipata shahada ya uzamili kutoka Albemarle Female Institute, na anatajwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa majimbo ya Kusini kuipata. Alisoma Kilatini, Kigiriki, Kifaransa, Kiitaliano na Kihispania. Halafu vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza mwaka huohuo na utajiri wa nyumbani ukayeyuka. Akawa mwalimu kwa sababu alihitaji kula. Alifundisha Danville, Kentucky, na mwaka 1871 yeye na rafiki yake Anna Safford wakafungua shule ya wasichana Cartersville, Georgia. Shule ilikuwa inakwenda vizuri. Mdogo wake, Edmonia, akatangulia China mwaka 1872, na mwaka uliofuata Lottie akamfuata.

Edmonia hakuiweza China. Aliugua mwili na akili, na mwaka 1876 ilibidi Lottie amrudishe nyumbani. Lottie akarudi China peke yake mwishoni mwa 1877.

Huko China alikaa wapi?

Mji uliitwa Tengchow, siku hizi huandikwa Dengzhou, na leo mahali hapo panajulikana kama Penglai. Ni pwani ya Shandong, mji wa kale wenye kuta, bahari mbele yake na upepo wa baridi kali wakati wa kipupwe. Samahani, nimezoea kusema kama tunavyosema sisi wa nyanda za juu. Nina maana majira ya baridi yenye theluji. Aliwakuta huko Tarleton Crawford na mkewe Martha, wamisionari waliotangulia. Crawford alikuwa mtu mgumu. Baadaye aliamini kwamba misheni isitumie pesa kuendesha shule kabisa, na akaishia kuachana na Bodi mwaka 1892. Fikiria umetumwa kufundisha, na kiongozi wa kituo chako hazipendi shule.

Alifundisha nani, na alifundisha nini hasa?

Mwaka 1878 alifungua shule ya bweni ya wasichana hapo Tengchow. Usidhani wazazi walipanga foleni. Msichana alihesabiwa mali ya ukoo atakaoolewa, kwa hiyo kumsomesha kulionekana kama kumwagilia bustani ya jirani. Waliokubali walikuwa maskini, na shule ilibidi iwape chakula, nguo, vitabu na kila kitu. Masomo yalikuwa kusoma, hesabu, jiografia, nyimbo, na mafundisho ya dini ambayo yalikaririwa kwa sauti kwa mtindo wa shule za Kichina, kila mmoja akipaza lake kwa wakati mmoja. Aliyepitia madrasa utotoni anaijua kelele hiyo.

Kisha kulikuwa na miguu. Wasichana wa Kichina walifungwa nyayo tangu wakiwa wadogo. Vidole vilikunjwa chini ya unyayo, kitambaa kikakazwa mpaka mifupa ikavunjika na mguu ukadumaa. Bila mguu mdogo, mume alikuwa hapatikani kirahisi. Lottie aliichukia desturi hiyo na akapigana nayo, lakini alijua anachokiomba: anamwambia mama amwache mwanawe abaki na mguu mzima na pengine akose ndoa. Haikuwa vita ya kushinda kwa hotuba moja.

Kama alikuwa mwalimu, kwa nini aliiacha shule?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ndilo lisiloulizwa vya kutosha.

Mwaka 1883 Lottie aliandika makala katika jarida la wamisionari wanawake waliokuwa China. Alisema wazi kwamba mwanamke anaondoka kwao akiwa na ndoto ya kazi kubwa inayopanuka, halafu anajikuta amefungwa kwenye kazi ndogo ya kufundisha wasichana wachache. Aliuita hali hiyo uchovu, kinyaa, na hisia kwamba nguvu zake zinapotea bure na maisha yake yameshindikana. Ni maneno mazito kwa mmisionari wa wakati ule, ambaye alitakiwa kuandika barua za furaha na shukrani tu. Mke wa mmisionari mmoja wa kanisa jingine alimjibu kwa makali, kana kwamba aliyeandika hayo hakuwa na akili timamu.

Wengine wakisoma hapo wanasema: basi alidharau ualimu. Mimi nasoma tofauti. Kilichomchosha ni kupangiwa ukubwa wa darasa. Wakubwa walikuwa wameamua kwamba darasa la mwanamke ni wasichana kumi na kitu ndani ya ua, na nje ya ua ni la mwanamume. Yeye aliiangalia Shandong, yenye vijiji visivyohesabika vilivyojaa wanawake ambao mwanamume mgeni hawezi kuwakaribia, akasema darasa langu ni lile pale.

Mwaka 1885 alitishia kujiuzulu pale ilipoelekea kwamba wanawake hawatapewa kura katika vikao vya misheni. Alimwandikia katibu wa Bodi, H. A. Tupper, kwamba haki ya kawaida tu inadai wanawake wawe sawa na wanaume katika vikao hivyo na katika kuendesha kazi yao wenyewe. Hakujiuzulu. Mwaka huohuo alianza kazi Pingdu.

Na kuna kichekesho chake: alipozeeka alirejea Tengchow na akasimamia shule tena, si moja bali kadhaa, za wavulana na wasichana. Safari hii hakuna aliyempangia.

Pingdu ni wapi, na alifikaje huko?

Ni mji wa bara, kusini-magharibi ya Tengchow, mwendo wa siku nne hivi. Usafiri ulikuwa machela ya nyumbu: nyumbu mmoja mbele, mmoja nyuma, miti miwili mirefu imefungwa migongoni mwao, na katikati kamba zilizosukwa zikafunikwa na mkeka wa kujikunja kama paa. Unapanda humo na matandiko yako yote. Nyumbu wasipokanyaga pamoja, na mara nyingi hawakanyagi pamoja, unayumbishwa mbele, nyuma na ubavuni kwa wakati mmoja. Aliyewahi kupanda daladala ya njia mbovu akiwa amekaa kwenye tairi la nyuma anaelewa kidogo.

Usiku alilala katika nyumba za wageni, juu ya kang, kitanda cha matofali ambacho chini yake hupita moshi na joto la jiko. Kang ndiyo sebule, meza na kitanda, vyote pamoja. Akifika kijijini anakaribishwa juu yake, na wanawake wanajaa chumbani: bibi, mkwe, binti, jirani aliyekuja kumwona tu huyu mgeni. Wasiopata nafasi wanabaki nje, wanalowesha kidole, wanatoboa karatasi ya dirisha, jicho linachungulia. Madirisha yalikuwa ya karatasi, kwa hiyo mpaka jioni dirisha limebaki matundu. Na humo ndani somo linaendelea. Mstari mmoja wa wimbo, unarudiwa. Sentensi moja ya mafundisho, inarudiwa. Maswali yote ya kike yanaingia katikati: umeolewa? una watoto wangapi? kwa nini miguu yako mikubwa? nani aliyekushonea hiyo nguo? Halafu wimbo tena. Kuanzia asubuhi mpaka giza, siku baada ya siku, kijiji baada ya kijiji.

Alikodi nyumba Pingdu akaishi kama jirani, akavaa mavazi ya Kichina, akala chakula cha Kichina. Kwa miezi mingi hakukuwa na Mmarekani mwingine karibu wa kuongea naye lugha yake.

Hivi yeye alihubiria wanaume au hakuhubiria?

Kwa mujibu wa kanuni za kanisa lake, hakupaswa. Ila wanaume walikuwa wanakuja, wanasimama mlangoni au nje ya dirisha wanasikiliza, na yeye hakuona sababu ya kuwafukuza. Mwaka 1887 watu wa kijiji cha Shaling, karibu na Pingdu, walimtafuta wenyewe wakitaka kufundishwa. Alifundisha. Kubatiza hakubatiza, aliandika Marekani akiomba mwanamume aje kufanya hilo, na ubatizo ukafanyika mwaka 1889. Mwaka 1890 akabatizwa Li Shouting, msomi wa elimu ya Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, ambaye baadaye akawa mchungaji na inaelezwa aliwabatiza watu zaidi ya 10,000 kwa mikono yake. Ukitaka kupima mavuno ya mwalimu, anzia kwa wanafunzi.

Hadithi ya biskuti ni ya kweli?

Inasimuliwa na waliomfahamu, na inaingia akilini. Watoto walimkimbia wakimwita shetani mgeni, jina ambalo wageni wote walipewa. Yeye, ambaye ujanani alijiita shetani kwa mzaha, sasa analiitwa jina hilo kwa Kichina. Akaoka biskuti. Harufu ikatoka nje. Kwanza mama zao walikataza, wakisema zina sumu. Kisha mtoto mmoja akajaribu, hakufa, na kuanzia hapo mlango haukukauka watu. Kupitia watoto akafika kwa mama zao.

Aliwahi kuwa na mchumba?

Jina linalotajwa ni Crawford Howard Toy, aliyekuwa mwalimu wake Virginia, msomi wa lugha za kale. Familia ya Lottie ilisimulia kwamba walifikia kupanga ndoa na kwamba Lottie ndiye aliyevunja. Kinachojulikana bila shaka ni kwamba Toy alijiuzulu seminari ya Wabaptisti wa Kusini mwaka 1879 kwa sababu ya mawazo yake kuhusu Biblia na nadharia ya mageuzi ya viumbe, akaenda kufundisha Harvard. Lottie hakuolewa. Wanaotaka kuifanya hii kuwa filamu ya mapenzi wanaweza. Barua zake zilizobaki zina habari nyingi zaidi za vijiji kuliko za Toy.

Sadaka ya Krismasi ilianzaje?

Kwa barua, na kwa hasira. Alikuwa ameshaandika sana kuomba wafanyakazi, hasa wanawake, na majibu yakawa pesa hakuna. Katika barua aliyoiandika Septemba 1887 na ikachapishwa Desemba, alielekeza kidole kwa Wamethodisti: wanawake wao walikuwa na juma la maombi na kujinyima kabla ya Krismasi, wakachanga. Kwa nini Wabaptisti wasifanye hivyo? Alichagua Krismasi kwa sababu ni wakati ambao watu wanapeana zawadi hata hivyo.

Mwaka uliofuata, Mei 1888, wanawake Wabaptisti wa Kusini wakaunda umoja wao rasmi, chini ya katibu Annie Armstrong, na Krismasi hiyo wakachanga. Lengo lilikuwa dola 2,000. Zilipatikana zaidi ya 3,300, za kutosha kupeleka watu watatu badala ya wawili. Mwaka 1918, kwa pendekezo la Armstrong huyohuyo, sadaka ikapewa jina la Lottie Moon. Tangu kuanza kwake imeshapita dola bilioni 5.

Angalia nani walichanga: wanawake ambao makanisani mwao wenyewe hawakuruhusiwa kusimama kusema. Pesa ya maziwa, ya mayai, ya kushona. Kina mama wa kanisani kwetu wakisikia hapo wanacheka, wanajua ni pesa ya namna gani.

Alikufa kwa njaa? Watu wote wanasema hivyo.

Jibu fupi ni hapana, si kwa namna inavyosimuliwa.

Hadithi ya kawaida inasema: njaa iliikumba China mwaka 1911 na 1912, Bodi ilikuwa na madeni, Lottie akatoa chakula chake na akiba yake yote kwa wenye njaa mpaka akafa akiwa na uzito wa ratili 50, yaani kilo 23 hivi. Kuna ukweli ndani yake. Njaa ilikuwepo. Madeni ya Bodi yalikuwepo na yalimnyima usingizi. Pesa zake alizitoa. Na wenzake walipomkuta mwishoni mwa 1912 alikuwa mifupa mitupu.

Lakini watafiti wa karibuni waliopitia barua za wenzake wanaonyesha mama mzee mgonjwa: akili imeanza kuyumba, ameshikwa na hofu kwamba yeye na Wachina wote hawana cha kula, anakataa chakula kinapoletwa. Hakuwa ametelekezwa. Walimhudumia, na muuguzi Cynthia Miller akaingia naye melini kumpeleka nyumbani. Meli ilipotia nanga Kobe, mkesha wa Krismasi, akakata roho.

Kina mama wengine wamenikasirikia kwa jibu hili. Wanaona nimemnyang'anya taji. Mimi sioni. Tunao nyumbani bibi zetu waliofika umri huo na kuanza kuficha vipande vya ugali chini ya mto, wakiogopa njaa ya mwaka fulani. Tunawapenda vilevile.

Je, huyu hakuwa sehemu ya ukoloni tu?

Swali halali, na vijana wanaliuliza zaidi kila mwaka. Wamisionari waliingia bara la China kwa mlango uliofunguliwa na mizinga. Mikataba ya mwaka 1858 na 1860, baada ya vita vya kasumba, yaani afyuni, ndiyo iliyowapa ruhusa. Wachina walijua hivyo na hawakusahau. Maasi ya Mabondia, Wachina waliowainukia wageni, yalipolipuka mwaka 1900, Lottie alilazimika kukimbilia Fukuoka, Japani, akafundisha Kiingereza huko hadi hali ilipotulia.

Naye alikwenda na kiburi chake. Barua zake za mwanzo zinawasema Wachina kwa dharau. Baadaye sauti inabadilika. Akafika mahali akawakemea wenzake waache kuwaita Wachina "wapagani". Miaka ya kukaa juu ya kang ya mtu, ukila chakula chake, inafanya kazi yake. Yote mawili nayasema kwa darasa langu la vijana, na ninawaacha wabishane.

Alikuwa mfupi kiasi gani?

Inaandikwa futi 4 na inchi 3, karibu sentimita 130. Mtoto wa darasa la tano.

Sisi wa Afrika Mashariki anatuhusu vipi?

Kupitia pesa ileile. Wamisionari wa kwanza wa Wabaptisti wa Kusini waliingia Kenya na Tanganyika mwaka 1956, baadhi yao wakihamia kutoka Nigeria. Waliotumwa na Bodi hiyo walilipiwa kwa kiasi kikubwa na sadaka ya Krismasi. Kwa hiyo makanisa, hospitali ya kifua kikuu hapa Mbeya na chuo cha theolojia Arusha vina chembe ya pesa ya mayai ya mama fulani wa Georgia. Lottie mwenyewe hakukanyaga Afrika.

Kaburi lake liko wapi?

Mwili ulichomwa Japani, kama sheria ilivyotaka, na majivu yakasafirishwa hadi Virginia, yakazikwa mjini Crewe. Wakristo wa Tengchow walisimamisha jiwe la kumbukumbu mwaka 1915. Hawakuwa na majivu, hawakuwa na kaburi, wakaweka jiwe.

Mwalimu, zile biskuti tunazipikaje?

Haya, mtoto wangu wa kila mwaka, hili ni lako. Vipimo hivi ni vyangu, si vyake. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha sukari, robo tatu ya kikombe cha siagi, yai moja, chumvi kidogo. Piga siagi na sukari mpaka iwe nyeupe, tia yai, kisha unga kidogo kidogo. Sukuma, kata kwa mdomo wa glasi. Kama huna oveni, tia mchanga mkavu kwenye sufuria kubwa, pasha juu ya jiko, weka sahani ya bati yenye biskuti ndani, funika, na mkaa kidogo juu ya mfuniko. Dakika kumi na tano, halafu chungulia. Usizitoe zikiwa za moto, zinavunjika. Na ukiwa na darasa la watoto thelathini, pika mara mbili ya unavyofikiri.